Mgongo wa Kikopo

Vikopo elfu nne vilikuwa vimeshatoka kiwandani, vimepangwa kwenye rafu, vimenunuliwa, vimefunguliwa na krimu yake kupakwa mashavuni, kabla mtu hata mmoja hajasoma maandishi ya mgongoni. Siku kumi na moja nzima. Kila asubuhi Mkemia aliamka na moyo unamdunda kama wa mtu anayengoja majibu ya vipimo, akavaa koti lake jeupe, akaingia kwenye chumba chake cha maabara, na kila asubuhi wenzake wakamsalimu vizuri tu na kumuuliza gauni la harusi limefikia wapi.

Siku ya kumi na mbili, mke wa mwenye duka mmoja, aliyekuwa amekaa mchana kutwa bila mteja, akageuza kikopo ili apoteze muda kwa kusoma. Akasoma. Akarudia. Akamwita mumewe. Kufika jioni, katoni zilikuwa zimeanza kurudi.

Na leo, Jumamosi saa tisa alasiri, zilikuwa zimejaa ukumbi wa kufungashia mpaka kwenye madirisha. Wafanyakazi walikuwa wamerudishwa nyumbani mapema. Mkemia alisimama peke yake kati ya meza ndefu, mikono kifuani, macho kwenye ngazi ya kupandia ghorofani. Huko juu ndiko alikoishi Bi Mkubwa, mwenye kiwanda, na huko ndiko alikoitwa. Bi Mkubwa alikuwa mwajiri wake kwa miaka mitatu. Baada ya wiki tano alikuwa awe mama mkwe wake.

Mlango wa upande ukafunguliwa, akaingia Katoni.

Hilo si jina alilopewa na wazazi. Mkemia ndiye aliyembandika, siku yake ya kwanza kazini, alipoona katoni sita zilizopandana zinamjia zenyewe, zina miguu miwili na zinaimba. "Shikamoo, katoni," alisema, na nyuma ya mzigo mtu akacheka hadi mzigo wenyewe ukamponyoka. Ndipo alipouona uso. Kijana mkubwa wa Bi Mkubwa, msambazaji wa kiwanda, mwenye macho ya kubembeleza na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji. Mkemia alijiambia huyu si wa kumtazama mara mbili. Akamtazama mara mbili. Yaliyofuata hayakuhitaji mkalimani.

Leo hakuwa anaimba. Shati lake lilikuwa limekunjamana mgongoni kama mtu aliyelala ndani ya gari.

"Umekula?" aliuliza.

"Sijisikii."

"Hata mimi. Tangu jana ni maji tu."

"Ya waridi?"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Katoni akamtazama, na kwa nukta moja midomo yake ikataka kucheka, kisha ikakumbuka.

"Usiniue wewe kabla mama hajaniua," alisema. Akaja akaketi ukingoni mwa meza, karibu naye kiasi cha mabega kugusana. Akatoa kikopo mfukoni, akakiweka kiganjani.

Mbele, lebo ilikuwa ileile iliyojulikana na kila mwanamke mjini. Ua moja jekundu. Krimu ya Waridi. Asili tupu. Asilimia tisini na tano ni mazao ya kilimo hai.

Nyuma, kwa herufi ndogo, ilisema hivi: maji ya kawaida (sehemu kubwa ya krimu hii), mafuta ya kiwandani, manukato ya kiwandani, dawa ya kuzuia kuoza, waridi la kilimo hai (chini ya nusu ya asilimia moja).

"Kikopo kimoja, midomo miwili," alisema Katoni taratibu. "Mbele kinasema hivi, nyuma kinajikana. Kuna mteja kanipigia simu, ananiuliza auamini uso au mgongo? Nikakosa la kumwambia. Mimi! Nikakosa la kumwambia!"

Mkemia alikuwa anautazama mkono wa Katoni, ule wenye kovu la mkanda wa kufungia katoni, na kuwaza kwamba anaujua kuliko mikono yake mwenyewe.

"Sasa nisikilize," Katoni aliendelea, akageuka wakatazamana. "Nimelala na hili jambo macho wazi. Kwenye kompyuta yako kuna karatasi mbili kila mwezi. Ya pipa na ya lebo. Ni kweli au si kweli?"

"Kweli."

Ndivyo kazi ilivyokwenda. Karatasi ya pipa iliandikwa kile kilichomiminwa hasa. Karatasi ya lebo iliandikwa kile ambacho dunia ingeambiwa, na hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa mpiga chapa aichape mgongoni mwa kikopo.

"Basi ulichoka. Harusi, gauni, wageni, kichwa kimejaa. Ukamtumia mpiga chapa karatasi ya pipa badala ya ile ya lebo. Kosa la kidole. Lingempata yeyote."

"Katoni..."

Akamwekea kidole midomoni, kwa upole, kama alivyozoea kumnyamazisha wakitaniana.

"Usinijibu. Sikuulizi. Nakuambia ilivyokuwa. Tukipanda pale juu, mimi nitasema, wewe utaitikia, utamwomba mama radhi, atapiga kelele kidogo, atalia kidogo, yataisha. Namjua mama yangu. Hasira zake ni za maziwa ya kuchemka. Ukizima moto yanashuka."

Kidole kilikuwa bado midomoni mwake. Kilikuwa cha moto. Mkemia akafumba macho, na humo gizani akayaona yote wanayokaribia kuyapoteza: vyumba viwili walivyokwisha kuvipaka rangi, ubishi wao juu ya upande gani wa kitanda ni wa nani, jina la mtoto wa kwanza ambalo walikuwa wamekubaliana wasimwambie mtu.

Na akakiona kile kingine, ambacho hakikutaka kufumbiwa macho.

Miaka mitatu nyuma, ndani ya ukumbi huuhuu, alikuwa amesimama mbele ya pipa kubwa na kukataa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwaga gunia dogo la petali za waridi ndani ya maji, kuyaacha yalale usiku mmoja, na asubuhi kuyachuja. Baada ya hapo maji yote yale, pipa zima, yaliandikwa kwamba ni waridi la kilimo hai. Na kwa kuwa krimu karibu yote ni maji, hesabu ikatoka tamu: asilimia tisini na tano. Mkulima wa maua alikuwa na cheti halali cha kilimo hai. Krimu haikuwa nacho. Ilikuwa inajifunika shuka la mwenzake.

"Maji ni maji," alisema siku ile.

Na Katoni, aliyekuwa ameegemea mlango, akamjibu: "Maji yaliyolala na waridi usiku kucha hayawezi kuamka maji matupu, Mkemia. Hata mimi nikilala karibu na wewe sitaamka mimi."

Mkemia alicheka. Mungu wangu, alivyocheka. Akaona haya, akapenda, akaandika. Na mwezi uliofuata akaandika tena. Sahihi yake ilikuwa chini ya kila karatasi.

"Yule fundi cherehani," alisema sasa, akiuondoa uso wake kwenye kile kidole.

Katoni akasimama. "Usianze."

"Alikuja hapa getini..."

"Nakuomba kwa mapenzi yetu. Pale juu usimtaje huyo mama. Tukishamtaja, si kosa la kidole tena."

Akamshika mkono. Wakapanda ngazi hivyo, wameshikana, na anayewaona angedhani wanakwenda kupokea baraka.

Sebule ya Bi Mkubwa ilikuwa na makochi makubwa yenye vitambaa vya kufuma, na ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, kilining'inia kile cheti cha mkulima wa maua. Bi Mkubwa alikaa chini yake, mnene, mzuri, macho mekundu. Pembeni yake alikuwa shangazi yake Katoni, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiochoka.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," alisema Bi Mkubwa kwa chini.

"Mimi yangu nitaipokea mwishoni nikijua naamkiwa na nani," alisema shangazi. "Nilisema tangu siku ya kwanza. Nilisema au sikusema? Mwanamke anayevaa miwani ya kazi hadi kwenye sherehe ya watu, huyo haji kuolewa, anakuja kukagua."

"Wifi, mwache."

"Nimemwacha. Nasema na ukuta."

Katoni akabaki amesimama, mkono wa mchumba wake bado mkononi. Sauti yake ilitoka laini, ileile aliyotumia kwa wenye maduka.

"Mama, nimeshajua kilichotokea. Ni karatasi mbili zilizochanganyika kwenye kompyuta. Alituma ya pipa akidhani ni ya lebo. Hajalala siku tatu kwa aibu. Ni bahati mbaya tu, mama. Mwenyewe ameshindwa hata kula."

Alidanganya vizuri. Alidanganya kwa ajili yake, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na Mkemia akaona hakuna mtu aliyewahi kumpenda hivyo wala atakayempenda hivyo tena.

Bi Mkubwa akashusha pumzi ndefu. Mabega yake yakalegea.

"Karatasi," alisema. "Mimi usiku kucha najiuliza nimemkosea nini binti huyu. Kumbe karatasi." Akapigapiga kochi. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Njoo."

Mkemia akaenda akakaa. Mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa mkavu, una alama nyeupe za kuungua hadi kwenye kiwiko.

"Unaziona hizi? Nilianza na sufuria moja jikoni. Nilikuwa napika waridi kwelikweli, sufuria nusu ni maua. Mvuke ukaniunguza, watoto wakala krimu wakidhani uji. Shangazi huyu hapa shahidi."

"Huyo mchumba wako alikula vijiko vitatu," alisema shangazi. "Pengine ndiyo maana amekuwa mlaini hivi."

Hata Mkemia alicheka. Wote wanne walicheka, na kwa muda ule mdogo ilikuwa familia.

"Watu wakapenda," Bi Mkubwa aliendelea. "Sufuria ikawa pipa. Pipa lilikua, binti yangu, lakini waridi halikukua. Ningefanyaje? Nina wanawake kumi na wanane pale chini wanaolisha watoto kwa krimu hii. Na wenzangu wote wanafanya hivihivi, tena wengine hata gunia lenyewe la maua hawana." Akamfuta Mkemia chozi ambalo mwenyewe hakujua limetoka. "Yamekwisha. Jumatatu tunachapa lebo upya. Wewe sema neno moja tu, niombe radhi, nikusamehe mbele ya shangazi yako, tuendelee na harusi."

Katoni alikuwa anamtazama. Lilikuwa jicho la kuomba, jicho la mtu aliyening'inia kwenye kamba anayemtazama aliyeishika.

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lingetoka. Lakini kuna swali lililotangulia.

"Mama, hizo lebo mpya zitasemaje?"

"Zitasema kama zamani. Kwani zisemeje?"

"Mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma, mwanangu. Maji ya waridi la kilimo hai. Kama ulivyokuwa unaandika mwenyewe."

Kama ulivyokuwa unaandika mwenyewe. Mkemia akautoa mkono wake taratibu kutoka kwenye ule mkono mkavu.

"Miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja getini," alisema.

"Mkemia," Katoni aliita.

"Fundi cherehani. Macho yamevimba hayafunguki, unadhani amepigwa. Tangu utotoni, manukato ya kiwandani yanamvimbisha. Kwa hiyo hanunui kitu hajakisoma. Alisoma kikopo chetu mbele, akasoma nyuma, hakuona manukato, akapaka. Wiki mbili hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Mlinzi akamleta kwangu. Hakutukana. Hakupiga kelele. Alinipa kikopo, akaniambia, 'Dada, nionyeshe. Nimesoma vibaya wapi?'"

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi.

"Na mimi nilimtendea wema," alisema Bi Mkubwa. "Mlinzi alinieleza, nikampa zawadi."

"Ulimpa vikopo viwili, mama. Vya krimu ileile."

Shangazi akajikohoza.

"Hakusoma vibaya popote. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nilikwenda kwake siku ya pili, nikapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, nikamwambia ni mkono wangu huu. Akanikalisha, akanipa maji ya kunywa. Halafu nikarudi hapa, mkaniletea karatasi ya mwezi mpya nitie sahihi." Akamgeukia Katoni. "Sikukosea faili. Nilikuwa na karatasi zote mbili mezani. Nilisoma moja, nikasoma ya pili, nikatuma ya kweli. Nilijua ninachokifanya."

Katoni akakaa chini. Hakutafuta kiti. Alikaa tu, sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Mtume!" alisema shangazi. "Na harusi kadi zimeshagawiwa!"

Bi Mkubwa akasimama. Alipozungumza, haikuwa sauti ya maziwa yanayochemka. Ilikuwa baridi, na ndipo Mkemia alipojua kwamba huyu mwanamke alikuwa amempenda kweli.

"Ulikula mezani kwangu siku kumi na moja, unanichekea, na umeshanichimbia shimo. Ungekuja ukaniambia."

"Nilikuambia mama. Mara tatu. Uliniambia nikiolewa nitaelewa."

"Nyamaza. Sasa sikiliza. Mimi si mtu mbaya. Mlango naufunga nusu. Utapiga magoti kwangu kama ulivyompigia huyo mshona nguo, utaniomba radhi, na Jumatatu utaandika lebo. Hutaki, ivue pete hapahapa. Mwanangu hataoa mtu anayeandika barua za kumshtaki mama yake kwenye vikopo."

"Mama, mpe muda," alisema Katoni kutoka sakafuni.

"Muda wa nini? Neno ni moja."

Mkemia akaitazama pete. Ilikuwa nyembamba, na ilikuwa imembana tangu siku ya kwanza. Walikuwa wamepanga kuipeleka kwa sonara ipanuliwe. Ilikataa kutoka. Aliizungusha, akaivuta, kidole kikawa chekundu, na kwa muda mrefu wa kutisha wote walikaa wakimtazama anavyohangaika nayo. Mwishowe ikatoka na ngozi kidogo. Akaiweka juu ya kitambaa cha kufuma.

"Nashukuru kwa yote, mama," alisema. "Niliyofundishwa hapa ni mengi."

Bi Mkubwa aligeuza uso ukutani.

Ili kutoka ilibidi apite mlangoni, na mlangoni alikuwapo Katoni. Alisimama kumpisha, hakumpisha. Walikuwa karibu kama siku ya katoni sita. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakujali tena nani anaona.

"Basi mama mwache," alisema kwa sauti iliyokauka. "Mama ana yake na wewe una yako. Niombe radhi mimi. Mimi nimekukosea nini? Ulinificha. Umelala begani kwangu wiki mbili, umenificha."

"Ningekuambia, ungenibembeleza."

"Ndiyo! Ningekubembeleza!"

"Na mimi ningekubali. Kama siku ile ya pipa. Sina nguvu kwako, unajua."

"Kwa hiyo kosa langu ni kukupenda."

"Kosa lako ni kwamba ulijua ni maji."

Akapigwa na neno hilo kama kofi.

"Neno moja tu," alisema. Alikuwa ananong'ona, paji la uso limegusa la mwenzake. "Hata kama hulimaanishi. Niambie tu samahani. Nitalichukua hivyohivyo, sitaligeuza kuliangalia nyuma. Nitatafuta chumba kingine, nitamwacha mama apoe, tutaanza upya. Lakini nipe kitu cha kushika."

Alinukia kama siku zote, sabuni na karatasi ngumu za maboksi. Mkemia alivuta harufu ile mara moja, kwa pupa, kama mtu anayejaza mapafu kabla ya kuzama. Mwili wake wote ulitaka kubaki pale. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akayafuta machozi yake kwa vidole gumba, akamtazama jicho kwa jicho ili asije akasema hakusikia.

"Nakupenda," alisema. "Kesho nitaamka nakupenda, na keshokutwa, sijui mpaka lini. Lakini radhi siombi. Simwombi mama yako, na wewe pia sikuombi."

"Mkemia..."

"Siombi."